Mwenyeji Aliyehesabiwa Mgeni: Kisa cha Azam FC na Uwanja Wake wa Chamazi

Tarehe 2 Novemba 2024 Azam FC ilicheza na Yanga kwenye Uwanja wa Azam Complex, Chamazi, Dar es Salaam, na kwenye ratiba Azam ndiyo iliyokuwa timu ngeni. Mwenyeji alikuwa Yanga, ambayo ilikuwa ikiutumia uwanja huo kwa mechi zake za nyumbani. Gibril Sillah akafunga bao pekee kipindi cha kwanza, Yanga ikapoteza mchezo wake wa kwanza wa ligi msimu ule, na siku tano baadaye Tabora United nayo ikaja palepale ikaichapa 3-1. Yanga ikafungasha virago, ikahamia KMC Complex, Mwenge.

Vijiwe vya soka mjini viliijadili mechi ile kwa jicho la Yanga: nani alaumiwe, kocha abaki au aondoke. Kwangu kisa kikubwa kilikuwa upande wa pili. Azam ilitatua tatizo ambalo Simba na Yanga hazijalitatua kwa karibu miaka tisini, yaani kuwa na uwanja wake yenyewe wa kuchezea mechi za ligi. Zaidi ya miaka kumi imepita tangu uwanja usimame, na kabati la klabu lina ubingwa mmoja tu wa Ligi Kuu, huku majukwaa ya Chamazi yakijaa hasa siku wanapokuja wale wale wakubwa wa Kariakoo. Kwa nini?

Naliweka jibu langu mezani mapema ili msomaji anipime nalo njia nzima. Uwanja umefanya kila kazi ambayo uwanja unaweza kufanya, na umeifanya vizuri. Kazi iliyobaki ni ya kuwapata watu, na hiyo klabu haijaikamata kwa nguvu ile ile iliyomwaga zege.

Mji wa wapangaji

Yanga ilizaliwa 1935, Simba 1936. Zote mbili ni za Kariakoo na pembezoni mwake: moja Jangwani, nyingine Mtaa wa Msimbazi. Kila moja ina jengo, ina wanachama, ina matawi nchi nzima, na kila moja hucheza kwenye uwanja wa mtu mwingine. Yanga ina Uwanja wa Kaunda, palepale Jangwani, ila bonde la Msimbazi likijaa maji, uwanja nao hujaa. Simba ilipata uwanja wa mazoezi Bunju mwaka 2019. Mechi zenyewe zilichezwa Uwanja wa Uhuru, kisha kuanzia 2007 kwenye Uwanja wa Taifa wenye nafasi 60,000, ambao tangu 2020 unaitwa Benjamin Mkapa. Vyote viwili ni mali ya serikali.

Mikoani hali haitofautiani sana, isipokuwa mwenye nyumba. Kirumba, Sokoine, Mkwakwani, Majimaji: viwanja vya CCM, urithi wa enzi za chama kimoja. Waliokuwa na chao walikuwa wachache, na aghalabu ni timu zilizolelewa na kiwanda, kama Mtibwa Sugar na uwanja wake wa Manungu katikati ya miwa ya Turiani.

Kupanga kuna gharama ambazo shabiki hazioni kwenye tiketi. Siku ya shughuli ya kitaifa, mechi inahamishwa. Mazoezi yanafanyika kwenye kiwanja cha kukodi, leo hapa kesho kule. Mapato ya mlangoni yanakatwa kabla hayajafika kwa klabu. Kubwa kuliko yote, huwezi kulea watoto wa miaka kumi na minne kwa mpango wa miaka mitano kama hujui mwezi ujao utafanyia mazoezi wapi.

Uamuzi wa 2010

Azam ilianza 2004 kama timu ya wafanyakazi wa kampuni za Bakhresa, ikiitwa Mzizima, jina la kale la mji huu. Ilikuwa ya kujiburudisha baada ya kazi. Mwaka 2008 ilikuwa imeshapanda Ligi Kuu. Hapo ndipo klabu nyingi zenye fedha mpya hukosea: hununua wachezaji kwa mkupuo, zinang'aa msimu mmoja au miwili, kisha tajiri anachoka. Azam nayo ilisajili, tena kwa gharama, lakini wakati huo huo iliweka fedha ardhini. Uwanja wa Chamazi ulijengwa mwaka 2010, misimu miwili tu baada ya kupanda daraja.

Kwa asiyepajua, unatoka mjini kwa Barabara ya Kilwa, unapita Mtoni na Mtongani hadi Mbagala Rangi Tatu, kisha unaiacha barabara kuu na kufuata ya Chamazi kuelekea Mbande. Wakati ule watu wa Sinza na Kinondoni walipaita porini. Ardhi ya ukubwa unaotosha uwanja, viwanja vya mazoezi, hosteli, ukumbi wa mazoezi ya viungo na bwawa la kuogelea isingepatikana Kariakoo wala Ilala. Walikwenda ilikokuwepo.

Nafasi ni 10,000. Nyasi zilizotandikwa zilikuwa za bandia, jambo lililolalamikiwa na wachezaji wengi kwa sababu ya magoti na joto la mchana, lakini hesabu yake inaeleweka: dimba moja linalotumiwa na timu kubwa, vijana na wageni wa kukodi, lenye masika juu yake, lingekuwa tope kufikia Aprili kama lingekuwa na nyasi za kawaida. Zikaja na taa, na mechi za usiku zikawezekana bila kuomba kwa mtu.

Kilicholipa

Matunda ya uwanjani yalikuja haraka. Azam ilimaliza ya pili 2011/12, ya pili tena 2012/13, na 2013/14 ikatwaa ubingwa chini ya Mkameruni Joseph Omog bila kupoteza mchezo hata mmoja: mechi 26, pointi 62. Ubingwa ulithibitika Mbeya, baada ya kuifunga Mbeya City 2-1 Sokoine. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Mtibwa ya 1999 na 2000 kombe kwenda nje ya Simba na Yanga, na hadi msimu wa 2024/25 hakuna mwingine aliyelichukua. Mwaka 2015 likaja Kombe la Kagame, la klabu za Afrika Mashariki na Kati, na 2018 likaja tena.

Sisemi uwanja ulifunga mabao. Kipre Tchetche na John Bocco ndio waliofunga. Lakini timu iliyolala, ikala, ikafanya mazoezi na kucheza mahali pamoja kwa miaka mitatu mfululizo ilikuwa kitu kigeni katika ligi yetu, na ilionekana miguuni. Akademi ndiyo ushahidi wangu mzito zaidi. Farid Mussa alipitia pale akaenda Tenerife, Hispania. Novatus Miroshi alipitia pale akaenda Maccabi Tel Aviv, na baadaye akaichezea Shakhtar Donetsk. Mudathir Yahya, injini ya kati ya Yanga kwa misimu kadhaa, ni zao la Chamazi. Klabu ya kupanga isingewatoa vijana wa aina hii kwa mfululizo.

Afrika nayo imeacha alama yenye umbo la kushangaza. El Merreikh ya Sudan ilifungwa Chamazi 2-0 mwaka 2015, ikajibu 3-0 Omdurman. Espérance ya Tunisia ilifungwa Chamazi 2-1 mwaka 2016, ikashinda 3-0 kwao. Al Akhdar ya Libya mwaka 2022 ilianza na 3-0 kwake, ikaja kufungwa 2-0 huku. APR ya Rwanda mwaka 2024 ilifungwa Chamazi 1-0, ikaigeuza 2-0 Kigali. Mara nne mwenyeji ameshinda nyumbani, na mara nne ameaga mashindano. Anayesema Chamazi haina faida ya nyumbani ajibu matokeo hayo kwanza. Faida ipo. Kinachokosekana ni kile timu inachobeba ikiondoka nyumbani, na hicho uwanja haukupi. Ilibidi kufika 2025, chini ya kocha Florent Ibenge, ndipo Azam ikaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika kwa mara ya kwanza.

Haki ya kumkaribisha mkubwa

Sehemu hii ya kisa ndiyo iliyonigusa zaidi. Kwa miaka mingi tangu Chamazi ijengwe, Azam ilipokuwa mwenyeji wa Simba au Yanga kwenye ligi, mechi ilipelekwa Taifa au Uhuru. Hoja ilikuwa usalama na idadi ya watu: nafasi 10,000 hazitoshi mashabiki wa timu hizo. Hoja ina mantiki. Lakini tazama ilichofanya. Timu zote ndogo zilikwenda Chamazi kucheza kwenye nyasi wasizozizoea, na wale wawili tu walioshindania ubingwa na Azam ndio walioepushwa. Mechi mbili za nyumbani kwa msimu zilichezwa mahali ambapo karibu jukwaa zima lilikuwa la mgeni. Kwenye ligi ya mechi 26 au 30, pointi sita si ndogo.

Azam ilidai, ikadai tena, na msimu wa 2017/18 mlango ukafunguka. Simba ilikwenda Chamazi Septemba 2017 ikatoka sare bila bao. Yanga ikaenda Januari 2018 ikashinda 2-1. Hakukutokea maafa yaliyohofiwa.

Kisha likaja jambo ambalo wachambuzi wengi wamelipita. Baada ya kuipata haki hiyo, Azam yenyewe ilianza kuiachia. Mei 2024 ilipokuwa mwenyeji wa Simba, mechi ilichezwa Benjamin Mkapa, ikafungwa 3-0. Septemba 2024 ikaipeleka mechi ya Simba New Amaan, Zanzibar, ikafungwa 2-0. Ukiangalia mapato ya mlangoni utaelewa kishawishi, maana Mkapa una nafasi mara sita ya Chamazi, na shabiki wa Simba hulipa. Lakini kwa mtazamo wangu huo ulikuwa uamuzi mbaya kimichezo. Msimu wa 2023/24 Azam na Simba zilimaliza na pointi 69 kila moja, Azam ikawa ya pili kwa tofauti ya mabao. Klabu inayoishi kwenye tofauti finyu kiasi hicho haina ruhusa ya kuuza nyumba yake siku ya mechi kubwa.

Na ukitaka picha nzima ya kisa hiki katika mwezi mmoja na kitu, rudi nyuma hadi 2023. Mwishoni mwa Agosti, Azam iliifunga Bahir Dar Kenema ya Ethiopia 2-1 Chamazi, jumla ikawa 3-3, ikatolewa kwa penalti katika raundi ya kwanza ya Kombe la Shirikisho. Benjamin Mkapa ulikuwa kwenye ukarabati. Kwa hiyo tarehe 30 Septemba Yanga iliifunga El Merreikh 1-0 Chamazi na kuingia makundi ya Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza tangu 1998. Kesho yake, tarehe 1 Oktoba, Simba ikatoka sare 1-1 na Power Dynamos ya Zambia, Chamazi hapo hapo, nayo ikaingia makundi. Nchi nzima ilishangilia kutoka kwenye uwanja wa Azam, na Azam ilikuwa imeshatolewa.

Kwa nchi, hilo ni jambo la heshima, na Azam inastahili shukrani ambayo sijaiona ikitolewa kwa sauti. Mashindano ya Afrika ya vijana chini ya miaka 17 ya 2019 nayo yalichezwa Taifa na Chamazi. Soka letu lina akiba ya uwanja kwa sababu familia moja iliamua kujenga.

Umbali, ukubwa, mwenye mali

Watu hutoa sababu tatu kwa nini Chamazi haijazaa jeshi la mashabiki.

Ya kwanza ni umbali. Siikubali, au naikubali nusu. Chamazi ni mbali kwa nani? Kwa mtu wa Tegeta, ndiyo. Lakini Mbagala yenyewe, na Kijichi, na Charambe, na Chamazi, na Mbande, ni maeneo yaliyojaa watu kuliko miji mingi ya mikoani. Hawa hawahitaji kuvuka daraja lolote. Kama klabu ingekuwa na sehemu ndogo tu ya Mbagala, nafasi 10,000 zingejaa kila wiki bila shabiki mmoja kutoka Kinondoni. Kikwazo cha kweli cha usafiri ni usiku: mechi ikianza saa 3, inaisha karibu saa 5, na mtu wa Rangi Tatu anaanza kufikiria bodaboda na usalama wa simu yake. Hilo linatatulika.

Ya pili ni ukubwa wa uwanja. Hapa nasema waliojenga walikuwa sahihi. Uwanja wa 30,000 wenye watu 3,000 unaua moyo wa timu. Nafasi 10,000 ni za kukua nazo.

Ya tatu ni mwenye mali, na hapo ndipo penye uzito. Mwanachama wa Simba au Yanga ana kadi. Anakwenda mkutano mkuu, anasimama, anafoka, anapiga kura. Hata mfumo wa uwekezaji ulipoingia, utaratibu wa serikali uliwaachia wanachama asilimia 51. Babu yake alikuwa na kadi hiyo hiyo. Azam ni ya kampuni. Mkazi wa Chamazi anaweza kuishangilia, lakini hana pa kusimama na kusema chochote. Anapewa uwanja mzuri kama mteja anavyopewa duka safi. Na mteja hana kinyongo akinunua kwingine.

Dalili ya ugonjwa huo ilionekana 2017, pale Bocco, aliyepanda na klabu kutoka madaraja ya chini na kuwa mfungaji bora wa ligi 2011/12, alipoondoka kwenda Simba pamoja na Aishi Manula, Shomari Kapombe na Erasto Nyoni. Wanne kwa dirisha moja, uti wa mgongo wa timu. Simba ikachukua ubingwa msimu uliofuata na mitatu iliyofuatia. Jangwani au Msimbazi, kuondoka kwa nahodha na kipa kwenda kwa mpinzani kungeleta watu kwenye geti la klabu kabla jua halijazama. Chamazi mambo yalipita kama taarifa ya ofisi. Viongozi wasio na umma wa kuwauliza hupunguza gharama kwa utulivu, na timu hulipa baadaye.

Kuna na televisheni. Kampuni dada ya klabu inaonyesha ligi nzima, na mkataba wake na TFF, shirikisho la soka nchini, wa 2021 ni wa miaka kumi, thamani yake shilingi bilioni 225.6. Fedha hizo zimeiinua ligi yetu. Wachezaji wa klabu ndogo wanalipwa kwa sababu yake. Wakati huo huo zimeweka mechi ya Chamazi kwenye kila kibanda umiza cha Mbagala, vile vibanda vya kulipia kutazama mpira, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka uwanja wenyewe. Kijana anamtazama Feisal Salum, aliyeifungia Azam mabao 19 msimu wa 2023/24, kwenye skrini, huku sauti halisi ya uwanja ikimfikia kwa upepo.

Ningekuwa nakaa kwenye bodi yao

Ningeanza na shule za msingi za kata ya Chamazi na jirani zake. Jukwaa moja zima, kila mechi ya mchana isiyo ya Simba wala Yanga, liwe la wanafunzi bure, na mwalimu mmoja kwa kila darasa. Baba wa Yanga hutambadilisha, ameshazaliwa Yanga. Mwanawe wa miaka minane hajafungwa bado, na dirisha hilo hufungwa mapema. Klabu inayolea vijana wa kucheza ndani ya uzio wake inaweza pia kulea wa kushangilia nje ya uzio huo huo.

Pili, mabasi ya klabu kutoka geti hadi Rangi Tatu baada ya kila mechi ya usiku, kwa nauli ya daladala. Njia ya mwendokasi ya Barabara ya Kilwa inaishia Rangi Tatu; kilichobaki ni kipande kifupi cha mwisho.

Tatu, na hili litawauma wenye mali, wafungue sehemu ya hisa, hata asilimia kumi, kwa wakazi na mashabiki wenye kadi, na kiti kimoja cha bodi kinachopigiwa kura. Najua hoja ya kupinga: kelele za wanachama ndizo zilizozivuruga Simba na Yanga miaka mingi, na utulivu wa Azam ndio uliojenga uwanja. Ni kweli. Lakini utulivu umeshafanya kazi yake. Kiti kimoja hakiwezi kuupindua, na kinatosha kumlazimisha mtu aeleze mbele ya umma kwa nini nahodha anauzwa kwa mpinzani, au kwa nini mechi ya Simba inapelekwa Zanzibar.

Na hiyo mechi ya Simba ichezwe Chamazi. Kila msimu, bila kuangalia hesabu ya geti. Tiketi zianze kuuzwa Mbagala siku tatu kabla hazijafika Kariakoo.